Je, Narnia ni Biblia iliyovikwa ngozi ya simba?

Swali: Habari za kazi. Naendesha kilabu cha kusoma cha watoto wa miaka 9 hadi 13 hapa Morogoro, Waislamu na Wakristo pamoja. Tumepewa msaada wa boksi la vitabu vya Narnia, vyote saba, kwa Kiingereza. Hata sijaanza, mzazi mmoja amesema hii ni Biblia iliyofichwa, wa pili amesema ni uchawi mtupu, na wa tatu ameona picha za watu wa vilemba na mapanga akauliza mbona wabaya wanafanana na sisi. Na mimi nina langu: kama ni kitabu cha Kikristo, mbona kina mtu mwenye miguu ya mbuzi na miungu ya Wagiriki? Ukweli uko wapi, na nianze na kipi?

Jibu: Mwalimu, wazazi wako watatu hawakukosea macho, wamekosea jina la walichokiona. Dini imo, tena kwa makusudi. Uchawi umo, na mara nyingi unapotajwa kuna anayekemewa. Vilemba navyo vimo, na hapo mzazi wa tatu ana haki kuliko wapenzi wengi wa Narnia wanavyotaka kukubali. Naanza na miguu ya mbuzi, maana ukiielewa hiyo mengine yanalegea.

Mwandishi wake, C. S. Lewis, alizaliwa Belfast mwaka 1898 na kufariki mwaka 1963. Kazi yake ilikuwa kufundisha fasihi, Oxford kuanzia 1925 na Cambridge kuanzia 1954. Ujanani aliacha dini, akarudi kwenye Ukristo mwaka 1931 baada ya maongezi marefu ya usiku na marafiki wawili, J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson. Lewis alikuwa mgonjwa wa ngano za kale za Wagiriki na za watu wa Skandinavia, hasa zile za miungu wanaokufa wakafufuka, ila aliziona ni uongo mtamu. Wenzake walimwambia si uongo, ni kivuli, na kwamba kwa Kristo kivuli kile kilipata mwili na mahali katika historia. Tangu hapo hakuona haja ya kuwafukuza akina fauni, wale wenye miguu ya mbuzi, na miungu ya mito ili Kristo apate nafasi. Aliwaweka chini yake. Katika kitabu cha mwaka 1951, Bacchus, mungu wa mvinyo, anaingia na wasichana wake waliochizika, ngoma inanoga, mizabibu inaota kila mahali. Mambo yakitulia Susan, mmoja wa watoto wanne wa hadithi, anamwambia mdogo wake Lucy kwamba asingejiona salama kukutana na watu wale kama Aslan, simba mkuu wa Narnia, nchi ya kubuni ya vitabu hivi, asingekuwepo. Lucy anaitikia kwamba hata yeye. Huo ndio msimamo wa Lewis kuhusu upagani, kwa maneno ya watoto wawili.

Nitavitaja vitabu kwa majina niliyoyafasiri mwenyewe, pamoja na mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza. Mwaka huo utaukuta kwenye ukurasa wa hakimiliki. Simba, Mchawi na Kabati (1950), Mwanamfalme Caspian (1951), Safari ya Dawn Treader (1952), Kiti cha Fedha (1953), Farasi na Mvulana Wake (1954), Mpwa wa Mchawi (1955), Vita vya Mwisho (1956).

Mzazi wa kwanza anadhani Lewis alikaa mezani na Injili, akaifunika kwa hadithi. Kwa maelezo ya Lewis mwenyewe haikuwa hivyo. Kilichotangulia ni picha: fauni, nusu mtu nusu mbuzi, anatembea kwenye msitu wenye theluji, ameshika mwavuli na vifurushi. Picha hiyo ilikaa kichwani mwake tangu alipokuwa na miaka kama 16. Mwaka 1939, vita ilipoanza, watoto waliohamishwa kutoka London walipokelewa nyumbani kwake Oxford, na ndipo wazo la watoto wanne ndani ya nyumba ya profesa lilipopata pa kushika. Simba alikuja baadaye, akaivuta hadithi yote nyuma yake. Mwaka 1956 Lewis aliandika sababu ya kuipenda njia hiyo: utotoni alikuwa anaamriwa ajisikie vipi kuhusu Mungu, na amri yenyewe ndiyo iliyougandisha moyo. Akaona mambo yaleyale, yakivuliwa nguo za kanisani na kupelekwa kwenye nchi ya kubuni, yanaweza kumpita yule askari anayesimama mlangoni mwa moyo wa mtoto.

Kwa hiyo hii si istiara kama Shamba la Wanyama. Kule nguruwe Napoleon ni Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti. Mtoe Stalin na hadithi inabaki na mguu mmoja. Lewis aliikataa kabisa njia hiyo kwa Narnia. Katika barua ya Desemba 1958 alieleza kwamba Aslan ni jibu la kubuni kwa swali moja: kama kungekuwa na dunia kama Narnia, na Mwana wa Mungu akachagua kuzaliwa, kufa na kufufuka huko kama alivyofanya huku kwetu, angekuwaje? Nchi ni ya wanyama wasemao, basi angekuja akiwa mnyama. Na kwa nini simba? Kwa sababu ya Ufunuo 5:5, Simba wa kabila la Yuda. Lakini jina Aslan ni Kituruki, maana yake simba, na Lewis alisema alilitoa kwenye maelezo ya pembeni ya tafsiri ya Kiingereza ya Alfu Lela U Lela iliyofanywa na Edward Lane. Yaani jina la simba anayesimama mahali pa Kristo lilipitia mlango wa hadithi za Waarabu. Mzazi wa tatu aambiwe na hilo.

Tofauti hii inakuhusu darasani. Mtoto akishaambiwa kuna ufunguo, atauliza kila kitu ni nani: taa ya barabarani ni nani, Bwana Beaver, yule mnyama asemaye, ni mtume gani, yule mzee wa Krismasi anayegawa zawadi ni Roho Mtakatifu? Majibu hayapo. Huyo wa Krismasi hata rafiki wa Lewis, Roger Lancelyn Green, alimsihi amtoe, akagoma. Na Edmund, anayewauza ndugu zake, si Yuda kamili: anasamehewa kama Petro, kisha anatawazwa mfalme.

Tazama sura za 13 hadi 15 za kitabu cha 1950 kwa karibu, maana hapo ndipo dini ilipo wazi kuliko mahali pengine pote. Mchawi Mweupe, mwanamke anayeitawala Narnia kwa mabavu, anadai damu ya Edmund kwa sheria: kila msaliti ni wake. Aslan hakatai sheria. Anaongea naye faraghani, na Mchawi anaondoka bila Edmund. Usiku Aslan anatoka kambini kichwa chini, Susan na Lucy wanamfuata, anawaomba waweke mikono yao kwenye manyoya yake ili ajue hayuko peke yake. Anayejua Gethsemane ameshaitambua. Mbele ya Meza ya Jiwe anafungwa kamba, ananyolewa manyoya, anafungwa mdomo, anatemewa mate na kuzomewa, kisha anachinjwa kwa kisu cha jiwe. Panya wanakuja kutafuna zile kamba. Jua likichomoza, Meza inapasuka vipande viwili, kama pazia la hekalu katika Mathayo 27:51, na simba yu hai. Wa kwanza kumwona ni wasichana wawili, kama ilivyokuwa kwa wanawake kaburini.

Ila angalia na tofauti zake. Hapa anakufa kwa ajili ya msaliti mmoja, si ulimwengu. Ni usiku mmoja, si siku tatu. Na katika sura ya 17 dada hao wawili wananong'onezana kama Edmund anajua alichofanyiwa, mmoja anasema asiambiwe, ingekuwa mzigo mzito mno kwake. Hatuambiwi kama aliambiwa. Injili ya kutangazwa mpaka miisho ya dunia, hapa imekuwa siri ya wasichana wawili! Waulize watoto wako wangemwambia au la, halafu kaa pembeni. Hilo ndilo swali linalowagombanisha vizuri.

Mwalimu wa shule ya Jumapili akitaka kuichukua sura hii kufundishia wokovu, mpe tahadhari moja. Mahubiri mengi tunayoyasikia yanasema deni la dhambi lilikuwa mbele ya haki ya Mungu. Kwenye Meza ya Jiwe, mdai ni Mchawi, na anashindwa kwa sababu hakujua kifungu cha kale zaidi ya anachokijua. Hayo ni mawazo ya mababa wa Kanisa wa mwanzo. Gregory wa Nyssa, karne ya 4, alimfananisha shetani na samaki aliyemeza chambo bila kuona ndoana. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, aliukataa mtazamo kwamba shetani ana haki ya kudai. Mwenye kufundisha mafundisho ya Anselm kwa hadithi ya Gregory atakwama mtoto mwerevu akimuuliza: kwani Mungu alikuwa anadaiwa na mchawi?

Kwa mzazi Mwislamu, usizunguke. Sura hiyo inategemea kifo na ufufuo, na Kurani 4:157 inasema Isa hakuuawa wala hakusulubiwa. Pia simba anayesemwa kama Mwana wa Mfalme Mkuu wa ng'ambo ya bahari ni jambo ambalo tauhidi hailikubali. Mtoto wa Kiislamu anaweza kuisoma kama hadithi ya rafiki aliyejitoa, na wengi duniani wameisoma hivyo bila kujua kuna kingine. Lakini mzazi aliyeambiwa mapema atakuamini, na aliyegundua mwenyewe sura ya 14 hatakuamini tena.

Vitabu vingine vimebeba nini? Lewis alivipanga mwenyewe katika barua kwa msomaji mtoto mwaka 1961. Mpwa wa Mchawi ni uumbaji na jinsi uovu ulivyoingia. Caspian ni dini ya kweli kurudishwa baada ya kuharibiwa. Farasi na Mvulana Wake ni mtu wa nje ya imani kuitwa na kuongoka. Dawn Treader ni maisha ya kiroho, hasa kwa panya Reepicheep. Kiti cha Fedha ni vita isiyokwisha na nguvu za giza. Vita vya Mwisho ni mpinga Kristo, naye ni nyani, kisha mwisho wa dunia na hukumu.

Katika hayo, mawili yanastahili kusomwa polepole. La kwanza ni Eustace, mvulana mchoyo aliyegeuka joka (Dawn Treader, sura ya 7). Anajichuna ngozi ya joka mara tatu, na kila mara chini yake kuna nyingine. Aslan anamwambia hana budi kuchunwa na yeye. Kucha zinaingia mpaka anadhani zimefika moyoni, kisha anatupwa majini na kuvikwa nguo mpya. Ni ubatizo, bila neno ubatizo. La pili ni uumbaji katika Mpwa wa Mchawi, sura za 8 na 9. Mwanzo inasema Mungu alinena; Aslan anaimba, na nyota zinamwitikia, kama nyota za asubuhi zinavyoimba katika Ayubu 38:7. Halafu ardhi inaumuka kama maji yanayochemka sufuriani, vichuguu vinapasuka, wanyama wanatoka wakijikung'uta udongo. Hapo ni Milton, mshairi wa Kiingereza, kitabu cha 7 cha shairi lake Paradise Lost, ambamo simba anatoka ardhini nusu nusu akihangaika kujinasua.

Kitabu hicho kina jeraha la mwandishi pia. Mvulana Digory anatumwa kuchuma tofaa katika bustani iliyozungushiwa ukuta, na Mchawi anamshawishi aliibe akamponye mama yake anayekufa. Anakataa, baadaye Aslan anampa tofaa jingine na mama anapona. Mama yake Lewis alikufa kwa saratani Agosti 1908, mtoto akiwa na miaka 9, umri wa wadogo kabisa wa kilabu chako. Kama kuna yatima kwenye kundi, isome sura hiyo mwenyewe kwanza.

Sasa uchawi. Nusu ya tatizo ni la Kiswahili. Kiingereza kina neno moja, magic, kwa fimbo ya Mchawi na kwa sheria iliyowekwa tangu kuumbwa dunia. Kwetu uchawi ni uchawi. Hakuna mchawi mwema, na hata mganga ana jina lake. Ukifasiri papo kwa papo ukasema Aslan alifufuka kwa "uchawi wa kina zaidi", umempa mzazi wa pili ushahidi. Sema Kanuni ya Kale, na ile ya nyuma yake Kanuni ya Kale Zaidi. Usiseme Agano la Kale, utaleta mchanganyiko ambao hutatoka nao salama! Neno uchawi libaki kwa Mchawi Mweupe na kwa Mjomba Andrew wa Digory, ambaye anaambulia aibu tu. Lucy mwenyewe, katika Dawn Treader sura ya 10, anasoma maneno kutoka kitabu cha mazinguo ili asikie rafiki yake anamsema vipi. Anasikia asichotaka, na Aslan anamkanya kwamba kupeleleza watu kwa njia hiyo hakuna tofauti na kupeleleza kwa njia nyingine yoyote.

Kuna mahali Kiswahili kinakusaidia mpaka basi. Tumnus, yule fauni, anamwita Lucy Binti wa Hawa, na wavulana wanaitwa Wana wa Adamu. Mtoto wa Kiingereza anasikia kitu cha ajabu. Wako atasikia binadamu, kwa sababu ndilo neno lenyewe, bin Adamu, tunalitumia sokoni kila siku. Mwambieni na hili: Bwana Beaver anadai Mchawi si binadamu hata kidogo, bali ametokana na Lilith, mke wa kwanza wa Adamu katika masimulizi ya Kiyahudi, aliyekuwa wa jamii ya majini, na upande wa pili ni majitu. Watoto wa pwani hawatahitaji maelezo ya jini. Miaka mitano baadaye Lewis akamtoa Mchawi huyohuyo kwenye dunia nyingine iliyokufa iitwayo Charn, na hakurudi kuoanisha habari hizo mbili. Tolkien alikereka na mchanganyiko wa namna hii, na kusema kweli alikuwa na hoja.

Visima vingine alivyochota naviorodhesha haraka. George MacDonald, Mskoti, ambaye riwaya yake Lewis aliinunua mwaka 1916 na baadaye kusema ilibatiza mawazo yake. Hans Christian Andersen, Malkia wa Theluji (1844): mwanamke mweupe, sleji (gari la kuteleza kwenye theluji), mvulana anayechukuliwa. E. Nesbit, aliyewahi kuandika hadithi fupi ya msichana anayepitia kabatini kwenda nchi nyingine. Safari za mabaharia watawa wa Ireland, hasa Brendan, ndizo zilizo nyuma ya Dawn Treader na visiwa vyake. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anatajwa kwa jina kwenye Vita vya Mwisho, na pango lake, la wafungwa wanaodhani vivuli ndio ukweli, limo ndani ya Kiti cha Fedha, sura ya 12, pale malkia wa chini ya ardhi anapowaaminisha wafungwa kwamba jua ni taa tu waliyoikuza kwa ndoto. Na lokumu, ile peremende ya Kituruki iliyomponza Edmund, haina dini yoyote. Ila kumbuka peremende zilikuwa za mgao Uingereza mpaka Februari 1953. Waelezee kwa halua ya Zanzibar, sukari na wanga vilevile, kisha waambie wajifikirie hawajaionja kwa miaka.

Nimefika kwa mzazi wa tatu. Watu wa Kalormeni wako kusini mwa Narnia, ng'ambo ya jangwa. Weusi wa uso, ndevu, vilemba, panga zilizopinda, sarafu ziitwazo hilali, mtawala ambaye kila akitajwa lazima umwombee aishi milele. Picha hizo zilitoka kwenye Alfu Lela U Lela kama Waingereza walivyoisoma, zikachanganywa na Uturuki wa Osmani na Uajemi. Imani yao, hata hivyo, si Uislamu. Wanaabudu sanamu ya Tash, mwenye kichwa cha ndege mla mizoga na mikono minne, anayetolewa kafara ya watu. Mwislamu angekuwa wa kwanza kuivunja sanamu hiyo. Lakini mtoto haoni itikadi, anaona kilemba, na kilemba kile ni cha babu yake. Vita vya Mwisho kinazidisha: mbilikimo wa Narnia wanawatukana Wakalormeni kwa neno la Kiingereza la kumdharau mtu mweusi, na Mfalme Tirian anayejipaka dawa ya kuufanya uso uwe mweusi ili ajifiche, akinawa anasema sasa anajisikia mwanamume wa kweli. Usiruke maneno hayo kimyakimya. Wenye miaka 12 watayaona, nao watakuuliza kwa nini wewe hukuyaona.

Upande wa pili wa mizani haufuti hayo, ila upo. Aravis, binti wa Kalormeni, ni jasiri na mwerevu kuliko mvulana anayesafiri naye, na mwisho anakuwa malkia wa nchi jirani na mama wa mfalme mkubwa. Lewis anasema kule Kalormeni watoto hufundishwa kusimulia hadithi kama Waingereza wanavyofundishwa kuandika insha, tofauti ikiwa kwamba hadithi kuna watu wanaotaka kuzisikia. Wakalormeni hawamalizi sentensi tatu bila methali ya washairi wao, na kitabu kinawacheka kwa hilo. Mtoto wa Kiswahili atacheka pia, ila atakuwa anajicheka, na mimi naona hapo ndipo mjadala mzuri ulipo: nani kasema kuongea kwa methali ni ujinga?

Kisha kuna Emeth (Vita vya Mwisho, sura ya 15). Ni askari kijana wa Kalormeni aliyemtafuta Tash maisha yake yote kwa moyo safi. Akiingia kwenye banda analoambiwa Tash yumo, anamkuta Aslan, anaanguka akijua amekwisha. Aslan anampokea, akimwambia utumishi wote mwema aliomfanyia Tash ameuhesabu kuwa wake. Emeth ni neno la Kiebrania, maana yake kweli, kutoka mzizi uleule uliotuletea amina, imani na amana. Wakristo wengine hawampendi Lewis kwa ukurasa huo mpaka leo, wanaona amefungua mlango mpana mno. Nawe usiufungue zaidi ya alivyoufungua: katika kitabu hichohicho, nyani anayehubiri kwamba Tash na Aslan ni kitu kimoja ndiye mwongo mkuu, na Aslan anasema waziwazi kwamba yeye na Tash ni kinyume. Emeth anapokelewa kwa sababu wema hauwezi kumwendea Tash hata ukimtajia jina lake.

Nyani huyo, Shift, anamvika punda Puzzle ngozi ya simba na kumwambia ajifanye Aslan. Wazungu wanaitambua kutoka kwa Aesop, msimulizi wa ngano wa Ugiriki ya kale. Sisi tuna punda wetu: punda wa dobi, aliyemo kwenye hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, anayekwenda kwa simba, ananusurika, anashawishika kurudi, na sungura anatoa hukumu kwamba hakuwa na moyo wala masikio. Isimulie hiyo kabla ya kufungua kitabu cha saba. Itakusaidia na jambo jingine: katika ngano zetu simba ni mwenye nguvu anayedanganywa na sungura, kwa hiyo watoto watamsubiri sungura wa kumzidi Aslan akili. Hatokei, na hilo waachie waligundue wenyewe.

Kuhusu kuanza: seti nyingi zilizochapishwa tangu 1994 zina namba kwa mpangilio wa matukio, kwa hiyo chenye namba 1 mgongoni ni Mpwa wa Mchawi. Kiache. Anza na chenye namba 2, cha mwaka 1950. Ni kweli mwaka 1957 Lewis alimwandikia mtoto mmoja kwamba anaupenda mpangilio wa matukio, ingawa aliona pengine haina uzito. Ila maandishi yake yanampinga: katika sura ya 7 msimulizi anasema hakuna hata mmoja kati ya wale watoto aliyejua Aslan ni nani, kama wewe msomaji usivyojua. Ukianza na namba 1, sentensi hiyo inakuwa uongo na ule mtetemo wa kulisikia jina mara ya kwanza unapotea.

Kitabu hicho kina sura 17. Soma kwa sauti sura mbili kwa wiki, utamaliza wiki ya tisa. Lakini panga sura ya 14 na 15 zisomwe siku moja, usiwarudishe watoto nyumbani simba akiwa amekufa mezani. Baada yake Caspian, Dawn Treader na Kiti cha Fedha, ndipo Mpwa wa Mchawi. Farasi na Mvulana Wake kinajitegemea, ila kwa kundi lenu kisiwe cha pili. Kije watoto wakiwa wamekuzoea na wanathubutu kubishana na kitabu. Vita vya Mwisho ni cha wenye miaka 11 kwenda juu, kwa sababu karibu wahusika wote wanaowapenda wanageuka kuwa wamekufa kwenye ajali ya treni, na hilo linasemwa kwa furaha, jambo ambalo mtoto aliyefiwa karibuni halipokei kwa urahisi.

Wasichana watakuuliza kuhusu Susan, ambaye hayumo pamoja na nduguze mwishoni, na anayesemwa kwamba siku hizi anajali rangi ya mdomo, soksi za nailoni na mialiko ya sherehe. Mwandishi Philip Pullman alimshambulia Lewis vikali kwa hilo mwaka 1998. Jibu la kuwapa ni kwamba Susan hakufa, hakuwemo kwenye treni ile. Mtoto mmoja alimuuliza Lewis swali hilohilo mwaka 1957, akamjibu kwamba Susan bado yuko hai katika dunia yetu, muda anao, na huenda akafika kwa njia yake mwenyewe.